Binti wa Krasnoyarsk na hasira zake

Asanteni, asanteni. Ndugu zangu mliosimama pale mlangoni, sogeeni, viti vya mbele haviumi. (kicheko)

Nimeombwa nizungumze na wazazi na vijana wa klabu hii kuhusu Mirra Andreeva, yule binti wa Kirusi ambaye nimeona mmoja wenu amebandika picha yake kwenye mfuko wa raketi. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utupe siri yake." Siri sina. Nilichokuja nacho ni mechi alizofungwa, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi, kwa sababu za ushindi mmekwisha kuziona kwenye simu zenu.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 2007, Krasnoyarsk, katikati ya Siberia, kando ya mto Yenisei. Theluji ya kule haina mchezo. Mtoto anayetaka tenisi hupiga mpira ndani ya ukumbi sehemu kubwa ya mwaka. Husimuliwa katika familia hiyo kwamba yote yalianza na mama yao kumtazama Mrusi Marat Safin kwenye televisheni Januari 2005, mwaka ambao Safin alimshinda Lleyton Hewitt na kuchukua taji la Australia. Wakati huo dada mkubwa, Erika, alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Mirra alikuwa bado hajazaliwa. Mama akaamua: wanangu watacheza tenisi. Na wakacheza. Familia ikahama kutoka Siberia kwenda Sochi, kwenye joto la Bahari Nyeusi, kisha Moscow, na hatimaye mabinti wakaenda kufanya mazoezi Cannes, kusini mwa Ufaransa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wazazi. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa. Mama huyu aliwalea wawili, nyumba moja, mchezo mmoja, safari zilezile. Erika alifika fainali ya vijana ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2021 akafungwa na Linda Nosková; akawa mchezaji wa kulipwa, akaingia katika mia bora ya dunia. Ni mafanikio makubwa kweli. Lakini akiingia ukumbini, watu humwita dada yake Mirra. Na Oktoba 2024 kule Wuhan, China, waliposimama pande mbili za wavu, Erika ndiye aliyeshinda, bila kupoteza hata seti. Kwa hiyo mzazi anayeniuliza fomula, namwambia akaulize nyumba hiyo. Wao wenyewe walitumia fomula moja wakapata majibu mawili.

Tuje kwenye mechi ya kwanza. Januari 2023, Melbourne, fainali ya vijana ya Australia. Mirra ana miaka 15, mpinzani ni Alina Korneeva, Mrusi mwenzake wa umri uleule. Walicheza zaidi ya saa tatu. Mirra akachukua seti ya kwanza kwa taibreki, yaani pointi za kuamua seti iliyofungana 6-6, akapoteza ya pili 6-4 na ya tatu 7-5. Mabinti wa miaka 15, saa tatu, juani, kwa kombe lisilo na fedha!

Na taji la vijana halimfungulii mtu mlango peke yake. Hapa kwetu tunamjua Angella Okutoyi wa Kenya, ambaye mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya vijana kule Uingereza, wasichana wawili wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Okutoyi na Erika Andreeva wote ni wa mwaka 2004. Mkenya yule alipitia njia ya chuo kikuu, Auburn kule Marekani, ambako unasoma huku unacheza. Mirra hakuwa na haja ya njia hiyo. Miezi mitatu baada ya kulia Melbourne alikuwa amekwisha kushinda mashindano mawili ya ngazi ya chini huko Uswisi, kisha Madrid wakampa nafasi ya mwaliko.

Madrid ndiko dunia ilikomjua. Alikuwa wa 194 katika orodha ya ubora. Akamtoa Leylah Fernandez, aliyekuwa amecheza fainali ya US Open. Akamtoa Beatriz Haddad Maia. Siku anatimiza miaka 16 akamtoa Magda Linette, kisha Aryna Sabalenka, mmoja wa wachezaji bora duniani, akamrudisha nyumbani. Waandishi wa habari walikuwa wanamuuliza kuhusu mbinu, yeye anawazungumzia masomo yake ya mtandaoni, na jinsi Andy Murray, bingwa wa Uskoti, alivyo mzuri ukimwona ana kwa ana. (kicheko) Alikuwa mtoto, jamani.

Na kwa kuwa alikuwa mtoto, kulikuwa na kanuni. Chama cha tenisi ya wanawake, WTA, huwawekea mabinti walio chini ya miaka 18 kikomo cha mashindano kwa mwaka, kulingana na umri. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa sababu ya wema tu. Ilitokana na Jennifer Capriati, Mmarekani aliyeingia tenisi ya kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13, akafika nusu fainali ya Roland Garros akiwa na 14, halafu mwaka 1994 akakamatwa na polisi, tenisi ameiacha. Alirudi baadaye akashinda Australia mwaka 2001, lakini miaka ile ya ujana hakuna aliyemrudishia. Baadhi ya wazazi hapa mnampeleka mtoto wa miaka 12 kwenye mashindano kila mwisho wa wiki. Sitaji mtu. Mnajijua.

Sasa mechi ya pili. Juni 2023, Roland Garros, raundi ya tatu, dhidi ya Coco Gauff. Mirra amepita mchujo, anacheza kama mtu mzima. Katika taibreki ya seti ya kwanza anapoteza pointi, hasira zinampanda, anaupiga mpira kuelekea kwa watazamaji. Haukumuumiza mtu. Mwamuzi akampa onyo. Akaichukua seti ile, kisha zilizobaki mbili akapigwa 6-1, 6-1. Baadaye mwenyewe alikiri lilikuwa jambo la kipumbavu. Sasa sikilizeni: siku iliyofuata, kwenye viwanja hivyohivyo, Mjapani Miyu Kato, akicheza wawili wawili, aliupiga mpira kuelekea upande wa pili kati ya pointi, ukampata binti anayeokota mipira, na yeye na mwenzake wakaondolewa mashindanoni. Kati ya onyo na kufukuzwa pana kitu kimoja tu: mpira umeangukia wapi.

Mechi ya tatu ni mwezi mmoja baadaye. Wimbledon, raundi ya nne, Madison Keys. Mirra anaongoza seti moja, na ya pili yuko mbele 4-1. Keys anarudi, anaishinda seti kwa taibreki, na hapo Mirra anapata onyo kwa kurusha raketi. Seti ya tatu, yuko nyuma 5-2, anateleza kwenye nyasi, raketi inatoka mkononi. Yeye anasema ameteleza. Mwamuzi anasema umerusha. Kosa la pili, adhabu ya pointi, na pointi ile ikampa Keys nafasi ya kumaliza mechi. Akaimaliza. Mirra akampa mkono mpinzani wake, akampita mwamuzi bila kumpa.

Mimi nilikuwa natazama na vijana wangu wa mazoezi. Nusu wakasema ameonewa, nusu wakasema hana adabu. Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka kosa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana mmoja mwenye mkono wa ajabu, na hasira kama moto wa makuti. Siku moja alivunja raketi ya klabu. Nikampiga marufuku mwezi mzima, asiguse hata mpira. Aliporudi alikuwa mpole kabisa. Hapigi kelele, harushi kitu, na hakimbilii mpira mgumu tena. Baada ya miezi miwili aliacha tenisi. Adhabu ile niliitoa mimi, na siku ile nilijiona mwalimu hodari.

Kwa hiyo nilitaka kuona watu wa Mirra watafanya nini na moto wake. Januari 2024 Melbourne alimfunga Ons Jabeur, mchezaji ambaye mwenyewe alimhusudu tangu zamani, 6-0, 6-2. Mechi iliyofuata, dhidi ya Diane Parry wa Ufaransa, seti ya tatu alikuwa nyuma 5-1, akajigombeza mpaka akashinda. Mchambuzi mmoja akasema binti huyu anajionea mno, anatakiwa kurekebisha kichwa. Andy Murray, yuleyule, akajibu mtandaoni kwamba huenda amegeuza mechi kwa sababu hiyohiyo: anajidai zaidi anapocheza vibaya. Mirra alipoonyeshwa maneno hayo alisema atayachapisha ayaweke kwenye fremu ukutani.

Masika ya mwaka huo akaanza kazi na Conchita Martínez. Vijana hamumjui, ni Mhispania aliyemfunga Martina Navratilova kwenye fainali ya Wimbledon 1994, na mwaka 2017 alikaa kwenye benchi Garbiñe Muguruza aliposhinda hapohapo. Ukiwaona wawili hawa utadhani shangazi na mpwa wake: wanataniana mbele ya kamera, wanachekana. Wiki chache baadaye Mirra alimfunga Sabalenka robo fainali ya Roland Garros. Tuwe wakweli, Sabalenka siku ile tumbo lilikuwa linamsumbua. Lakini alikuwa na miaka 17, na hakuna mdogo kuliko yeye aliyekuwa amefika nusu fainali ya mashindano makubwa tangu Martina Hingis mwaka 1997. Alipoulizwa mpango wa mechi ulikuwaje, akasema walipanga na kocha, ila akiingia uwanjani hakumbuki kitu, anacheza anavyosikia. Walimu wenzangu, tulie au tucheke? Nusu fainali Jasmine Paolini akampiga 6-3, 6-1. Mwezi uliofuata, Iași nchini Romania, akapata taji lake la kwanza la WTA.

Olimpiki ya Paris nitaipita haraka, ila jambo moja. Yeye na Diana Shnaider walipata medali ya fedha katika wawili wawili, wakifungwa na Paolini na Sara Errani. Medali ile haipo katika hesabu ya nchi yoyote. Tangu mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Warusi hucheza bila bendera, na Wimbledon mwaka ule iliwafungia mlango kabisa. Karibu kila ushindi wa Mirra akiwa mchezaji wa kulipwa umeandikwa pembeni ya nafasi tupu.

Kisha Februari na Machi 2025. Wengine hapa mna ndugu Dubai, labda walikuwepo. Alipita kwa Iga Świątek na Elena Rybakina, akamfunga Clara Tauson fainali. Hakuna mwenye umri mdogo zaidi yake aliyewahi kuchukua taji la ngazi ile ya 1000, iliyo chini tu ya mashindano makubwa manne, tangu ilipoanzishwa mwaka 2009. Wiki tatu baadaye, Indian Wells, California, Świątek tena, halafu fainali na Sabalenka, ambaye Januari alikuwa amemfunga mara mbili, Brisbane na Melbourne. Seti ya kwanza akapoteza 6-2. Zilizofuata 6-4, 6-3, za kwake.

Akakamata kipaza sauti, akashukuru timu, familia, halafu akajishukuru yeye mwenyewe, kwa kupambana na kujiamini. Watu wakacheka kwa furaha. Kwetu sisi mtoto akisema hivyo shangazi mmoja atamvuta pembeni. Mimi sikuona majivuno. Yule aliyezoea kujitukana uwanjani ilibidi siku moja ajisalimie kwa heshima.

MAMA MMOJA UKUMBINI: Kwa hiyo mwalimu, hasira zimeisha?

Zimeishia wapi, dada yangu! Juni hiyohiyo, Roland Garros, robo fainali. Mpinzani ni Loïs Boisson, Mfaransa wa 361 duniani, ameingia kwa mwaliko. Uwanja mzima unamshangilia mwenyeji. Mirra yuko mbele 5-3 na ana pointi ya seti, akaipoteza seti. Ya pili yuko mbele 3-0, akaipoteza 6-3. Katikati ya hayo akaupiga mpira juu jukwaani, akapewa onyo. Mpira uleule wa mwaka 2023! Miaka miwili, mataji mawili ya 1000, bingwa wa Wimbledon kwenye benchi, na mkono bado unakumbuka.

KIJANA: Sasa Conchita alimfundisha nini?

Swali zuri, na nitajibu kwa mechi moja kisha tunywe chai. Mwezi uliofuata, Wimbledon, raundi ya nne, Emma Navarro. Roger Federer, gwiji wa tenisi, amekaa jukwaani na mkewe. Mirra alisema baadaye alikuwa anajikaza asitazame upande ule, anawaza pointi moja, kisha pointi moja. Akashinda 6-2, 6-3. Mpira wa mwisho ukaisha, na yeye hakujua kwamba mechi imekwisha. Hesabu ilikuwa imempotea kabisa. Alishangaa kuona ndiyo basi, halafu akaanza kucheka.

Robo fainali Belinda Bencic akamtoa kwa taibreki mbili. Haya, nani ana swali jingine? Wewe mwenye mfuko wa raketi, nimekuona tangu mwanzo.