Tumbo la Bapa: Umbo na Kasi katika Misumeno ya Mashindano

Shikamooni wazee, na vijana habari zenu. Najua wengi mmekuja kusikia habari za injini. Leo naomba tutazame bapa la msumeno wa mnyororo, kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka.

Hili hapa. Naweka rula kwenye ukingo wake na kuliinua dirishani. Rula inagusa katikati tu, huku na huku mwanga unapenya. Ukingo una tumbo. Mnyororo ukivutwa juu ya tumbo hilo, mvuto wenyewe unaulaza kwenye reli, zile kingo mbili za mfereji wa bapa. Ukingo ulionyooka kabisa hauna msaada huo: mnyororo unachezacheza, jino moja linauma sana, linalofuata linapaa. Kwa mtu anayepasua kuni hilo linavumilika. Kwa mshindani ni ushindi unaopotea.

Katika Stihl Timbersports, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1985, kuna mchezo uitwao Hot Saw. Injini huwa imezimwa, mikono juu ya gogo. Ishara ikitolewa, mshindani anawasha na kukata visahani 3 kwenye gogo la sentimita 46: chini, juu, chini, bila kuvuka mstari uliochorwa sentimita 15 tu kutoka mwisho wa gogo. Walio bora humaliza ndani ya sekunde 6 hivi.

Mkato wa pili ndio unaonipendeza, kwa sababu unatumia ukingo wa juu. Hapo mnyororo unakimbia kuelekea puani, yaani ncha ya bapa, kwa hiyo gogo linausukuma msumeno kumrudia mkataji, wakati mkato wa kwanza ulikuwa ukimvuta kwenda mbele. Basi tumbo la juu linastahili kutunzwa kwa uangalifu uleule wa tumbo la chini. Fundi anayelitunza la chini peke yake amefanya nusu ya kazi.

Sasa kasi. Mnyororo wa msumeno wa kawaida msituni hukimbia takriban mita 25 kwa sekunde. Wa Hot Saw hufikia kilomita 240 kwa saa, yaani kama mita 67 kwa sekunde. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu ya mnyororo kutaka kuruka nje inaongezeka mara 4. Kwa tofauti hii ni karibu mara 7. Inakula ule mvuto uliokuwa ukiulaza kwenye reli. Mnyororo uliokaza vizuri ukiwa umesimama unaweza kuelea ukiwa kasini.

Na pua je? Pua nyingi zina kigurudumu chenye meno, tuseme 11. Kwa mnyororo wa inchi 3/8 (kipimo hicho ni nusu ya umbali kati ya jino na jino), mzunguko mmoja unapitisha kama sentimita 21 za mnyororo. Gawanyeni: kwa mita 67, kigurudumu kinazunguka zaidi ya mara 300 kila sekunde, juu ya viberingi vidogo kuliko punje ya mchele. Ndiyo maana kwa kasi hizo mimi nachagua pua nzima isiyozunguka, iliyopakwa stelaiti, aloi ya kobalti na kromi inayostahimili msuguano wa moto. Inasugua zaidi, kweli, lakini haina kitu cha kupasuka.

Bapa hili linapita kwenu sasa. Pitisheni ukucha kwenye reli, taratibu, hasa hapa karibu na pua. Mkisikia ukucha unakwama, hapo chuma kimechanua. Kiondoeni kwa tupa yenye uso tambarare kabla hamjagusa injini.