Ng'ombe 40, Hekta 5: Mhadhara juu ya Ngitili na Malisho ya Nchi Kavu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu, wazee wangu mliotoka vijijini alfajiri, nanyi vijana: mwangaluka! Naona walioitikia ni upande wa wazee peke yao. Vijana mtajifunza. Mkipangiwa kazi huku Usukumani, bwana mifugo asiyejua salamu huonyeshwa zizi kwa mbali.

Kabla sijaanza, tazameni hapa mezani. Jana jioni niling'oa mashina mawili ya nyasi, aina ile ile moja. Hili la kulia limetoka ndani ya ngitili ya jirani yangu, yaani malisho aliyoyafunga ng'ombe wasiingie. La kushoto nimelitoa hatua kama mia tatu kutoka hapo, kando ya njia wanayopita ng'ombe kwenda lamboni. Majani yaacheni kwanza, angalieni chini. La kulia nilichimba hadi jembe likagonga udongo mgumu, na bado mizizi ilinikatikia, sikuufikia mwisho wake. La kushoto nililivuta kwa vidole viwili likaja. Mizizi yake haifiki urefu wa kiganja changu.

Mashina haya yamenyeshewa mvua moja na yameota kwenye udongo mmoja. Tofauti yake ni kwamba moja lilipewa nafasi ya kupumua na jingine halikupewa.

Nyasi inapoliwa, hukosa majani ya kujitengenezea chakula. Ili ichipue tena hukopa akiba iliyoiweka chini, kwenye mizizi na kwenye kile kitako cha shina. Majani mapya yakishakua, hulipa lile deni. Ikiliwa mara ya pili kabla haijalipa, hukopa tena kutoka ghala ambalo halijajaa. Mara ya tatu, ya nne, ghala limekauka. Mizizi inafupika, na kiangazi kikija shina halifiki tena penye unyevu. Linakufa, na watu wanasema ni ukame.

Sasa mwongezee tabia ya ng'ombe. Ng'ombe ana ulimi wa kuchagua kama sisi. Akiona nyasi iliyokomaa na chipukizi laini, ataifuata chipukizi. Mwache mahali pamoja wiki tatu, naye atalirudia shina lile lile alilolila juzi, huku shina la pembeni likigeuka bua bila kuguswa. Ndiyo maana hata ng'ombe watano wanaweza kuharibu malisho wakikaa mno, na kundi kubwa linaweza kupita mahali likaacha pazima likipita upesi na kuchelewa kurudi. Shuleni tulifundishwa kuhesabu vichwa. Nawaomba mjifunze pia kuhesabu siku.

Shina likishakufa, udongo unabaki uchi. Tone la mvua ya Novemba linapopiga udongo uchi huupondaponda, unga wake unaziba vitundu, na jua likitoka linatengeneza gamba. Mvua inayofuata haizami, inateleza. Wazee mnaijua ardhi ya itogolo, ile ngumu inayolia chini ya kwato. Hapo maji hukimbia kama juu ya bati. Mkoa huu wa Shinyanga hupata mvua ya kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, na inatosha kabisa kuotesha nyasi kama ikiingia ardhini. Ikikimbilia korongoni, umenyeshewa lakini hukupata mvua.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba, na nilikuta mkoa huu umepewa jina la aibu: Jangwa la Tanzania. Jina hilo halikuja kwa mwaka mmoja. Miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Swynnerton, na dawa iliyotumika ilikuwa shoka: vichaka vilifyekwa maelfu kwa maelfu ya hekta ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alipungua kweli, ng'ombe wakaongezeka. Ikaja pamba ikadai mashamba. Halafu miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa wakakaa pamoja, wakaacha nyuma maboma yao pamoja na kitu ambacho hakuna ofisa aliyekiandika kwenye daftari lake: ngitili.

Ngitili, kwa vijana mliotoka mikoa mingine, ni eneo ambalo mwenyewe hulifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinasimama zikikauka palepale kama chakula kilichowekwa kabatini. Kiangazi kikikolea, malisho ya nje yakiisha, linafunguliwa, tena kwa vipande: hiki kikiisha ndipo wanaingia kingine. Halifunguliwi kwa ng'ombe wote. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, na maksai, maana maksai aliyekonda Oktoba hawezi kuvuta plau Novemba. Kuna ngitili za kaya, za hekta mbili tatu mpaka makumi, na kuna za kijiji au za taasisi kama shule.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzo wake, na hapa najisema mwenyewe, tulikuwa watu wa miche. Tulikuwa na vitalu, viriba, na miti ya kigeni. Nilipeleka miche kwenye kijiji kimoja nikahutubia saa nzima juu ya jangwa. Walinisikiliza kwa heshima zote. Niliporudi baada ya miezi mitatu, iliyobaki hai ilihesabika kwa vidole, na mzee mmoja akaniambia kwa upole, “Kijana, mti wako unaomba maji ninayomnyima ndama. Huu wangu haujaniomba kitu.” Akanionyesha kisiki cha mgunga. Kilikuwa kimetoa machipukizi marefu kuniliko, ndani ya eneo alilolizungushia desturi tu, bila waya wala ukuta.

Chini ya ardhi iliyofyekwa bado kulikuwa na mizizi hai. Visiki havikuhitaji kitalu, vilihitaji tu visikatwe wala visiliwe kwa misimu michache. HASHI ikabadilika, ikaacha kuwafundisha watu miti ikaanza kuwauliza habari za ngitili. Maeneo ya ngitili yaliyokuwa yameorodheshwa wakati mradi unaanza yalikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, katika Shinyanga ile kubwa iliyokuwa bado na Bariadi, Maswa na Meatu, ilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Uchunguzi wa kiuchumi uliofanywa wakati huo ulikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ni takriban dola 14 kwa mwezi, na humo nyasi ni sehemu tu. Kuna kuni, asali, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, uyoga. Mama anayepata kuni karibu na nyumba haandikwi kwenye taarifa ya mifugo, lakini ndiye atakayemfokea mchungaji aliyeingiza mbuzi kabla ya wakati.

Nani alizilinda? Polisi hawakuonekana. Dagashida, baraza la jadi, lilikaa likapanga faini, sungusungu wakasimamia. Aliyelishia ngitili ya mwenzake alilipa, na alilipa mbele ya watu. Nimewahi kuona sheria ndogo za halmashauri zilizoandikwa vizuri sana zikishindwa na mbuzi mmoja wa mwenyekiti. Faini ya dagashida ilimpata hata mwenyekiti.

Linganisheni na wenzetu wa Kondoa. Huko makorongo ya Haubi yalikuwa yanatisha, ardhi nyekundu imechanika kama nguo kuukuu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 uamuzi ukawa mmoja: mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ikatoka. Ardhi ilipona, na asiyekubali hilo aende akaone mwenyewe. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kwa majirani, na malisho ya majirani ndiyo yaliyopokea mzigo. Familia zilikaa miaka bila maziwa na bila samadi mpaka ng'ombe wa kufungia bandani waliporuhusiwa baadaye. Nyasi za Kondoa zilipewa muda kwa kumfukuza ng'ombe. Za Shinyanga zilipewa muda ng'ombe akiwa yuko palepale, anasubiri zamu yake. Mimi nachagua njia ya pili, ingawa nakiri korongo likishafikia hali ya Haubi mtu hana nafasi ya kuchagua sana.

Sasa nipeni chaki. Ng'ombe wa kilo 250 hula nyasi kavu kiasi cha asilimia mbili na nusu ya uzito wake kwa siku. Tuseme kilo 6 na robo. Kiangazi kigumu tukipe siku 120. Hiyo ni kilo 750. Tuseme ngitili imetulia, kila hekta imetoa kilo 1,500. Hamli zote. Mnakula nusu, nusu mnaiachia ardhi: ifunike udongo, ilishe mchwa, ianzishe msimu ujao. Kwa hiyo hekta moja imemvusha ng'ombe mmoja. Kaya yangu ya mfano ina hekta 5 na ng'ombe 40.

Watano wamepata. Hawa 35 wanakwenda wapi?

Wataalamu wengi wakifika hapa hufuta ubao na kusema, “Punguzeni mifugo.” Mzee pale amecheka, amelisikia neno hilo tangu enzi za Mwingereza. Sisemi ni neno la uongo. Kuna kaya hapa zinafuga ng'ombe ambao hata wenyewe hawawajui kwa rangi, na kumpeleka mnadani dume aliyekomaa mwezi wa Juni akiwa bado na nyama mgongoni ni akili, kuliko kumuuza Oktoba amebaki mbavu na kuambulia bei ya ngozi. Lakini mwenye ng'ombe sita akiuza wanne anabaki maskini, wala ardhi haijaona tofauti.

Zamani wale 35 walikwenda mbuga ya Wembere. Vijana waliwapeleka kiangazi, wakarudi nao mvua zikianza. Hiyo safari ndiyo iliyofanya ngitili ya nyumbani itoshe. Ngitili bila kuhama ni nusu ya mfumo, na sisi wataalamu tumeisifu nusu moja tukaiita nyingine ufugaji wa kuhamahama, kwa sauti ya kukemea. Njia za mifugo zimelimwa. Mbuga zimelimwa mpunga. Aliyekosa pa kwenda kwa miezi minne akahama moja kwa moja: Usangu, Rukwa, Morogoro. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu, wengine wakasukumwa mpaka Lindi, ambako mkulima wa ufuta hakuwahi kuona kundi la ng'ombe 200 likipita shambani kwake. Mnajua yaliyofuata. Redio zilitangaza mapigano ya wakulima na wafugaji, hazikutangaza safari ya nyasi iliyoyatangulia.

Kuna wanaojaribu kuirudisha safari hiyo kwa karatasi. Kule Kiteto, vijiji vitatu vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa vikapanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, wakatenga malisho yanayovuka mipaka yao, wakapata hati za hakimiliki ya kimila kwa jina la kundi. Waliunganisha majina ya vijiji wakajiita OLENGAPA. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa inaruhusu muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na wazee wa vijiji vitatu kwa wakati mmoja mpaka wamalize kubishana kuhusu mti fulani uko upande wa nani. Vijana, hiyo ndiyo kazi yenu. Chanjo mtaisoma kwenye chupa.

Lakini msirudi makwenu mkisema mzee amesema ngitili ni pepo. Nimeona mambo yasiyopendeza. Mwenye ardhi kubwa hufunga hekta 50 halafu hukodisha nyasi kwa jirani asiye na kitu. Jirani analipa ndama. Mjane mara nyingi hana ngitili, na akiwa nayo shemeji anaijua kuliko yeye. Baadhi zimegeuzwa mashamba bei ya mazao ilipopanda. Na iliyofungwa miaka mingi mfululizo bila kuliwa wala kupunguzwa matawi hujaa vichaka, mwanga haufiki chini, nyasi zinakufa kwa kivuli. Kupumzisha kupita kiasi nako ni kosa. Nyasi inataka kuliwa, kisha iachwe.

Naona saa inanikazia macho. Maswali mtaniuliza njiani, maana sitaki mwondoke na maneno matupu ya ubaoni. Kamba hii ni mita 20, nimeipiga fundo kila mita. Tutaitandaza kwanza ndani ya ngitili, kisha kando ya njia ya lambo, nanyi mtaniambia chini ya kila fundo kuna nini: nyasi hai, bua kavu, samadi, au udongo mtupu. Mkimaliza mara tano kila upande mtakuwa na mafundo 100, na hesabu ya asilimia haitawasumbua. Andikeni kwa penseli, wino unachuruzika na jasho. Gari la wazee litangulie, sisi tutatembea.