Pampu ya Ahero na roketi ndogo

Hamjambo watu wa Kisumu? Na nyinyi wa Ahero, poleni na kazi ya mpunga. Leo niko hapa Auckland na lile swali lenu: mbona setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipandishwa roketi ya Wamarekani tarehe 15 Aprili 2023, isirushwe na yetu?

Wengi hudhani ugumu uko kwenye moto. Uko kwenye pampu. Mjomba wangu pale Ahero akitaka kujua nguvu ya pampu yake, huziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Maji yakimshinda kidole, anaridhika. Sasa fikiria chumba cha moto cha roketi: shinikizo la ndani ndicho hicho kidole, na mafuta lazima yakishinde. Roketi nyingi huzungusha pampu kwa gesi ya moto, huku oksijeni yenye baridi kali ikipita sentimita chache tu pembeni. Kuunda kitu kama hicho kunakula pesa vibaya sana.

Walioiunda Electron, roketi ndogo inayorushwa hapa New Zealand, waliondoa gesi hiyo, wakaweka mota ya umeme na betri. Umeme unasukuma mafuta ya taa! Nilipoelewa hivyo sikulala. Shida ni kwamba betri iliyokwisha bado ni mzigo, kwa hivyo kule juu huzidondosha na kuendelea na safari. Electron ina urefu wa mita 18, na hubeba kilo 300 hivi.

Najua mtaniambia ikweta inapita Maseno, turushie hapo. Ni kweli, dunia hapo inazunguka kilomita 1,670 kwa saa, msukumo wa bure ukielekea mashariki. Lakini setilaiti za kupiga picha mashamba nyingi hupita juu ya ncha za dunia, na huko msukumo huo hausaidii. Halafu vipande vingeangukia watu wa Nandi. Ndiyo maana roketi ya Scout iliyobeba setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, iliondokea jukwaani baharini, upande wa Malindi. Na Scout yenyewe ilikuwa roketi ndogo, iliyoundwa kwa kubana gharama. Kwetu, jamani!

Vijana wa Kibuye mnaochomelea vyuma, anzeni na pampu. Na mjomba, ukiiona video hii, nisomee kibati cha mota yako: wati ngapi? Nataka tuipigie hesabu pamoja wiki ijayo.