Jongoo Kwanza, Twiga Baadaye
Mhadhara kwa wazazi na walimu wa Kisauni kabla ya likizo ya Agosti

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Wazee wetu mliokaa mbele, walimu wenzangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotaka kutoroka: mikeka ipo, karibuni mkae.

Nimeombwa nizungumzie likizo ya Agosti na watoto wetu. Likizo hii kwetu ni ya kusi. Wenzetu wa Ulaya Agosti ndiyo wanakimbilia ufukweni. Sisi bahari imechafuka, upepo unavuma, na hewa imepoa. Jua la kaskazi, la Januari na Februari, halimruhusu mtoto kukaa nje saa tatu mfululizo. La Agosti linamruhusu. Kwa hivyo nikiwaambia watoto waende msituni, msidhani nimeichukia bahari. Ni mambo ya msimu tu.

Na msitu wenyewe mnaujua. Haller Park, pale Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Hebu mikono juu: nani amewahi kuingia? Naam, karibu nyote. Sasa nani ameingia zaidi ya mara mbili? Ninahesabu... wanne. Na mmoja wao namjua, anapeleka wageni kwa tuktuk.

Mimi nimesomesha shule ya msingi miaka mingi, na ziara za mara moja nimeziongoza mwenyewe. Basi limejaa watoto sitini na kitu, linafika saa nne. Twiga, picha. Kobe, picha. Mamba, mayowe, picha. Soda. Saa saba mko barabarani. Kazi yangu kutwa nzima ilikuwa kuhesabu vichwa. Mwaka mmoja msichana wa darasa la nne alinivuta buibui akaniuliza, "Mwalimu, hii miti nani aliipanda?" Nikamjibu, "Mungu," nikaendelea kuhesabu. Sikusema uongo, lakini sikujibu swali. Yule mtoto alikuwa ameona kwamba miti ile, mivinje, imesimama kwa mistari. Mimi nilikuwa sijaona.

Leo nataka nimjibu, ingawa yeye mwenyewe sasa ni mama wa watoto wawili.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Saruji haitoki bila chokaa, na chokaa ya pwani yetu ni matumbawe ya kale, mwamba uliojengwa na viumbe vya bahari wakati bahari ilikuwa imefunika huku tunakoishi. Mwamba ukachimbwa, ukasagwa, ukachimbwa tena, mpaka wachimbaji wakakaribia maji ya chini. Kilichobaki kilikuwa uwanja mweupe wa mawe. Udongo hakuna, maji ni ya magadi, na jua likipiga pale ni kama kukaa ndani ya kikaango. Wapo wazee humu ndani walioponda mawe yale, wanajua nasema nini.

Mwaka 1971 kazi ya kuufufua uwanja ule akapewa René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni tangu 1959. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki aina tatu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa pande za Somalia uitwao damas. Aina 23 zilikufa. Mtoto anayepata alama tatu kwa 26 sisi tunamwita mjinga, tunamchapa. Hapa tatu zile ndizo zilizoleta msitu.

Na aliyebeba mzigo mkubwa ni mvinje. Mnamjua, tunamkata nguzo. Mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu mna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kumlisha mti. Ndiyo maana anaweza kusimama penye jiwe tupu, akarefuka upesi, wakati muembe umekwisha kunyauka. Lakini mvinje alikuja na shida yake. Yale majani yake membamba kama sindano yalianguka, yakalala juu ya mawe, yakabaki vile vile. Yana tanini nyingi, ule ukakasi wa majani na maganda ya miti, na wadudu wa kuyaozesha hawakuwako. Majani yasipooza hakuna mboji, na pasipo mboji hakuna mti mwingine utakaoota. Miti ilikuwa imeota juu ya zulia la takataka zake yenyewe.

Aliyeokoa jahazi ni jongoo. Yule yule mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye watoto wetu wanamchokoa kwa kijiti ili ajikunje. Haller alimkuta akiyala majani ya mvinje, majani ambayo mdudu mwingine hakuyataka. Wakakusanywa majongoo kwa mamia, wakamwagwa kule machimboni. Jongoo akatafuna, akanya, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Hapo tena ndipo mimea mingine ikashika, ndege wakaja, na ndege hawaji mikono mitupu, wanaleta mbegu. Sehemu ya machimbo ikafunguliwa kwa watu kutembea mwaka 1984. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukamtuza Haller kwa kazi ile. Jongoo hakupewa cheti.

Sasa niambieni, mzazi anayelipa nauli na kiingilio, mtoto akarudi nyumbani na picha ya twiga tu, amelipia nini? Twiga aliletwa. Angeweza kuletwa popote penye ua na majani. Jongoo ndiye habari ya mahali pale hasa. Mimi twiga simkatai, jamani, mimi mwenyewe nimemlisha, ulimi wake ule mrefu ni maajabu ya Mungu. Nasema aje siku ya mwisho.

Mpango tunaoupendekeza kamati yetu ni huu. Watoto ishirini, wasizidi. Siku kumi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, saa mbili na nusu hadi saa tano na nusu asubuhi. Ustadhi amekubali madrasa yao isogee hadi baada ya adhuhuri kwa siku hizo, na ninamshukuru mbele yenu. Kila watoto wawili watapewa kamba ya mita nne, wataitandaza mraba chini ya mvinje, na mraba huo utakuwa wao siku zote kumi. Hawabadilishi. Siku ya kwanza watasema hamna kitu. Mimi najua watasema hivyo, kwa sababu nilijaribu na wajukuu zangu Aprili iliyopita, na mkubwa wao alitangaza kabla ya dakika tano kwamba hapa pana majani tu. Siku ya tatu nilikuwa sina nguvu ya kumtoa pale. Alikuwa amefukua kwa kijiko hadi jiwe jeupe, akapima udongo wote uliopo kwa kidole chake cha shahada, ukafika kiungo cha pili. Akaniuliza, "Bibi, hii yote ni kinyesi?" Nikamwambia karibu yote. Akakaa kimya muda mrefu. Huyo ni mtoto ambaye nyumbani hakai kimya hata akilala.

Shule zetu siku hizi mtaala unawataka watoto wajifunze kwa kuhudumia jamii, na walimu hapa wananiambia jambo hilo likifika inakuwa ni kufagia soko mara moja na kupiga picha. Basi haya ndiyo mafunzo yenyewe, bila kufagia.

Nije kwenye jamii, maana ndiyo nusu ya mada niliyopewa.

Mnakumbuka Desemba 2004. Mvua zilikuwa kubwa, mto Sabaki ukafurika ukasukuma viboko hadi baharini, halafu tsunami ikaja tarehe 26, na ndama mmoja akabaki peke yake kwenye miamba mbele ya Malindi. Waliomtoa ni watu. Wavuvi walileta nyavu, watu wa wanyamapori wakaja, wageni wa hoteli wakaingia majini, mji mzima ukasimama ufukweni. Ndama akapewa jina la mmoja wa waokoaji, Owen, akaletwa hapa Bamburi, na ulimwengu wote ukamjua kwa sababu alimganda kobe mkubwa wa Aldabra aliyekuwa na umri wa miaka kama 130, jina lake Mzee. Kila mtu anaisimulia hadithi ya kiboko na kobe. Mimi ninayoisimulia ni ya wavuvi. Mtu ambaye wavu ndio mtaji wake, akautupa juu ya mnyama anayejulikana kwa kuzamisha mitumbwi. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumwomba.

Kwa hivyo nikisema msaada wa jamii sisemi mfadhili atupe fulana zenye nembo. Fulana za namna hiyo ninazo kabatini kumi na moja, na hakuna hata moja iliyomfunza mtoto kitu. Nasema hivi: mtaani kwetu wapo wazee waliofanya kazi machimboni wakati hakuna hata nyasi. Tunataka mmoja kila siku, akae na watoto kwa saa moja, awaonyeshe kwa mkono, hapa palikuwa hivi. Tunataka mama anayejua miti kwa Kigiriama na kwa Kidigo, si kwa Kiswahili peke yake, kwa sababu mti wenye jina moja tu mtoto anausahau. Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waliitunza kwa miiko na majina karne kadhaa kabla UNESCO haijaiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2008, na wajukuu wao wako Kiembeni hapa hawajui hata mti wa mkone ni upi. Na tunataka mahamri na mbaazi za saa nne. Mama anayetupikia atalipwa. Nasisitiza, atalipwa. Kuna tabia yetu ya kusema "kujitolea" pale tu anapohusika mwanamke na sufuria.

Nairobi wana mfano mzuri, msitu wa Karura. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa pale akiutetea usigawiwe wajenzi. Hata baada ya kuokolewa, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia, ulikuwa msitu wa majambazi. Sheria ya Misitu ya 2005 ikaruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na serikali kutunza misitu, chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, na vijana wa kijiji cha Huruma kilicho ubavuni mwa msitu wakapewa kazi ya ulinzi. Kijana aliyekuwa akiingia kukata kuni akawa anamwonyesha njia mama mwenye kigari cha mtoto. Leo Jumapili huko ni familia tupu.

Sisi hali yetu si sawa na hiyo, tusidanganyane. Karura ni msitu wa umma. Haller Park ni mali ya kampuni ile ya saruji, na kampuni yenyewe tangu mwishoni mwa 2024 imeshikwa na Amsons, wenzetu wa Tanzania. Hatuna haki ya kuingia na kamba zetu, tunaomba. Barua imeandikwa, tumeomba bei ya kundi na kona moja ya mivinje isiyopitwa na wageni wengi. Wakikataa, Bamburi hiyo hiyo kuna njia za msitu wanazokimbilia watu asubuhi, na mivinje ni ile ile, na majongoo hayajui mpaka wa tiketi.

Kuna baba aliniuliza nje, kabla hatujaanza, kwa nini tujisumbue na msitu wa kampuni ambayo ndiyo iliyochimba shimo. Swali la haki. Mimi sikuja kuisafishia kampuni jina. Shimo lilichimbwa, nyumba zetu zimejengwa kwa lilichotoa, ukumbi huu pia. Ninalotaka ni mtoto ajue kwamba shimo lilikuwepo. Akikuta msitu ameshaandaliwa, na twiga ndani yake, ataamini misitu huwa ipo tu, kama nilivyomwambia yule msichana. Akigusa jiwe jeupe chini ya kidole kimoja cha udongo, na akajua kidole hicho kimechukua zaidi ya miaka hamsini, siku atakayopewa yeye kazi ya kuamua shimo lingine lichimbwe wapi, atauliza maswali ambayo mimi sikuyauliza.

Sasa mambo ya kazi, maana naona ustadhi anatazama saa. Orodha ya majina iko kwa mwalimu pale mlangoni. Wavulana kumi, wasichana kumi, na msije mkaniletea wavulana kumi na wanane mkasema wasichana wana kazi nyumbani. Kila mtoto aje na chupa ya maji, rula, kijiko kizee ambacho mama hatakililia, na daftari lisilo na mistari. Viatu vya kufunika vidole. Ndala zibaki nyumbani, kuna siafu. Agosti jongoo hatembei ovyo kama wakati wa masika, watoto watamtafuta chini ya majani, na wakimpata wamweke kiganjani taratibu. Akiudhika anatoa maji ya manjano yenye harufu kali. Hayaui, lakini yanawasha macho, na doa lake halitoki kwenye nguo nyeupe. Kwa hivyo wanawe mikono kabla ya mahamri, na kanzu za madrasa zije zimekunjwa kwenye mfuko.