Isome Njia kama Dereva wa Garimoshi

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunapanga safari ya baiskeli ya siku kadhaa kwenye njia zilizokuwa za reli. Nitaanza na gurudumu la garimoshi kabla ya kufika kwenye la baiskeli. Ni la chuma na linakanyaga chuma, kwa hiyo mshiko wake ni mdogo. Mlima unaopanda mita mbili tu katika kila mita mia, kwa garimoshi lenye mzigo, ni mateso. Ndiyo maana waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde kwa matuta, wakatoboa mahandaki. Reli ziling'olewa na mataruma yakaondolewa, lakini kazi yao ile imebaki, nasi wa baiskeli tumeirithi.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi njia ni tambarare, nitakwenda kilomita 100 kwa siku. Hapo ndipo mipango inapoharibika. Chukueni Great Allegheny Passage kule Marekani, kilomita 240 hivi kati ya Cumberland na Pittsburgh. Ukitoka Cumberland unapanda takriban mita 545 ndani ya kilomita 38 hadi mgongo wa milima. Mpando wenyewe macho hayauoni. Magoti ndiyo yanayokuambia. Na kwa kuwa reli haikupenda panda-shuka, hupati vile viteremko vya kupumzisha miguu. Unakanyaga pedali muda wa saa tatu mfululizo. Lakini ukianzia Pittsburgh, unaufikia mgongo uleule wa milima baada ya kilomita 200 hivi, polepole, kisha unaserereka hadi Cumberland. Njia ni moja, safari ni mbili.

Kwa hiyo kabla hujahesabu siku, tafuta mchoro wa miinuko, uamue unaanzia upande gani. Mimi huchagua mpando mrefu wa pole. Anayetaka kuumaliza mlima asubuhi ya kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu, simlaumu.

Kisha uliza njia imetandikwa nini. Katy Trail ya jimbo la Missouri, hukohuko Marekani, yenye kilomita 386 hivi, ina chokaa iliyosagwa na kushindiliwa. Ikiwa kavu inapendeza sana. Mvua ikinyesha inalainika, tairi linakuwa zito, na ule unga unaingia kwenye mnyororo ukasaga chuma. Tairi jembamba la mashindano liache nyumbani; milimita 35 hadi 45 zinafaa. Beba mafuta ya mnyororo na kitambaa, uusafishe kila jioni. Kwa mizigo na njia ya namna hii, mimi sipangi zaidi ya kilomita 60 kwa siku.

Tena msiende mbio! Otago Central Rail Trail ya New Zealand ina kilomita 152. Reli ilifungwa mwaka 1990, na mwaka 2000 njia ikafunguliwa kwa baiskeli na waendao kwa miguu. Mwenye nguvu angeweza kuimaliza kwa siku mbili, lakini wengi huipa tatu hadi tano, nami naona wana haki. Kuna madaraja ya juu ambayo ukiyapita bila kushuka na kutazama chini, umeidhulumu nafsi yako.

Handaki lataka taa ya kweli, hata mchana, na koti karibu, maana ndani kuna baridi. Tena uliza kama liko wazi. Big Savage, handaki la Great Allegheny lenye urefu wa kilomita moja hivi, hufungwa kila majira ya baridi. Ukilikuta limefungwa, ujue unauvuka mlima kwa barabara ya magari, na hiyo haikujengwa kwa kulihurumia garimoshi.

Maji nayo. Stesheni nyingi ziliwekwa pale injini ya mvuke ilipohitaji kujazwa maji, vijiji vikaota kando yake. Treni ilipokoma, baadhi ya vijiji vilikufa. Jina la stesheni kwenye ramani si ahadi ya bomba. Kwa kila kituo, hakikisha kuna mtu anayeishi hapo leo, na kwamba siku utakayopita atakuwa amefungua duka.

Limebaki swali ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechoka, jua linazama, nao wamefika mwisho wa njia: tunarudije? Zamani treni ingewarudisha. Litafutieni jibu kabla ya jambo lingine lolote, pamoja na ruhusa ya kupakia baiskeli.

Sasa fungueni ramani, tuanze na maswali yenu.