Chembe Sahani Zinasemeana Nini Ndani ya Damu

Shikamooni wakubwa zangu. Wanafunzi, wauguzi, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, karibuni.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza maabara niliandika kwenye fomu ya mtoto mmoja kwamba ana vidudu vya malaria. Msimamizi wangu, mama mmoja mtaratibu, akaomba aione ile BS, yaani kioo chenye tone la damu ya mtoto, kabla majibu hayajatoka. Akainama kwenye hadubini, kisha akaniita: "Njoo mwanangu. Zungusha hiki kidude kidogo, taratibu." Nikazungusha. Chembe nyekundu ikaanza kufifia, lakini kile nilichokidhania kimelea kikabaki kinaonekana vizuri, rangi ya zambarau, kimezungukwa na duara jembamba jeupe. Hakikuwa ndani ya chembe nyekundu. Kilikuwa kimekaa juu yake. "Hiyo ni chembe sahani," akasema. "Usimpe mtoto wa watu ugonjwa asio nao."

Tangu siku ile nimezipenda chembe hizi, ambazo wodini mnaziita pleteleti. Ni ndogo mno, upana wake maikromita 2 hadi 3, na hazina kiini. Zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa: kuna seli kubwa, megakariositi, inayopenyeza mikono yake ndani ya mshipa, na mkondo wa damu unaikatakata mikono hiyo vipande maelfu. Kila kipande ni chembe sahani moja, na inaishi siku 7 hadi 10. Mtu mzima mwenye afya anazo kama 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu.

Mwaka 1882 Mtaliano Giulio Bizzozero alitazama mishipa ya wanyama walio hai, akaziona zinavyonata pale mshipa ulipojeruhiwa. Tangu hapo tukazoea kuziita viziba vidonda, basi. Mimi nasema tumezipunja. Chembe sahani ni wasemaji na wasikilizaji, na kuziba kidonda ni sehemu ya mazungumzo hayo.

Hata zikiwa zimetulia, kuna zinachokisikia. Utando wa ndani wa mshipa unatoa kemikali mbili, oksidi ya nitriki na prostasaiklini, muda wote, na ujumbe wake ni mmoja: tulieni, hapa pazima. Hebu mama ajikate kidole na kisu akimenya viazi. Utando umechanika, sauti ile imenyamaza mahali pale, na kolajeni, protini ya nyuzinyuzi iliyofichwa chini yake, iko wazi. Chembe sahani ya kwanza inanata hapo. Inaacha umbo lake la sahani, inatoa miguumiguu, inamwaga vifuko vyake. Humo mna kemikali za kuita wenzake: mna ADP, mna kalisi, mna serotonini ambayo haikuitengeneza yenyewe. Iliiokota kutoka kwenye damu, na serotonini hiyo ilitengenezwa utumboni. Inatengeneza pia kemikali nyingine ya mwito, tromboksani, hapohapo. Zile zinazopita karibu zinasikia mwito huo kupitia vipokezi vyake, nazo zinaamka na kuita nyingine, kisha zinashikana kwa nyuzi za fibrinojeni, protini iliyomo kwenye damu.

Aspirini inaziba mdomo mmoja tu kati ya midomo hiyo ya kuita: inazuia tromboksani. Kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya badala ya kile kilichozimwa, kwa hiyo inabaki hivyo mpaka ife. Ndiyo maana wakazi wa Dar es Salaam, dengue ilipoingia mwaka 2014 na tena 2019, waliambiwa watumie parasetamoli, wasiguse aspirini. Dengue inashusha idadi ya chembe sahani; ukizinyamazisha na zile chache zilizobaki, unamkaribisha mgonjwa kwenye kutokwa damu. Tafadhali mwambieni na jirani.

Sasa tuzigeukie chembe nyeupe. Chembe sahani iliyoamka inatoa nje protini iitwayo P-selektini. Chembe nyeupe inayopita inakamatwa nayo, inapunguza mwendo, inaelekezwa kwenye jeraha. Na zile zilizo mbali? Mwaka 1967 Peter Wolf alieleza vijipande vinavyomeguka kutoka kwenye chembe sahani, akaviita vumbi. Leo tunajua vumbi hilo linasafiri na damu likiwa limebeba protini na maagizo ya kijenetiki, na linaweza kuingia ndani ya seli nyingine. Mimi huliona kama barua.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilisoma nasisimka. Chembe sahani inavyozeeka, inapoteza aina fulani ya sukari iliyo juu yake. Ini linaitambua kwa alama hiyo na kuimeza. Kazi iliyochapishwa 2015, iliyofanywa kwa panya, ilionyesha kwamba kumeza huko ndiko kunakoliamuru ini litengeneze homoni ya kuhimiza uboho uzalishe nyingine. Mzee anaondoka, na kuondoka kwake ndiyo oda ya mtoto!

Nimeiacha malaria mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotugusa. Hapo mazungumzo haya yana pande mbili. Kwa upande mmoja, chembe sahani inaweza kuigusa chembe nyekundu yenye kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum na kumwaga protini iitwayo PF4, inayoingia ndani na kukiua kimelea. Lakini mwaka 2012 watafiti walionyesha maabara kwamba PF4 inahitaji mlango, nao ni protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna mlango huo. Kuukosa kunatukinga sana na malaria ya vivax, inayoletwa na kimelea cha aina nyingine, na hapohapo kunatunyima silaha hii.

Upande wa pili unaumiza. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi iliyotumia vimelea vya wagonjwa wa Kenya: chembe sahani zilikuwa zinagandisha chembe nyekundu zenye vimelea pamoja, mafungu mafungu, na mafungu hayo yaliambatana na malaria kali. Mwaka 2003 ikafuata ya Malawi, ambako watafiti walichunguza ubongo wa watoto waliofariki. Waliokufa kwa malaria ya ubongo walikutwa na chembe sahani nyingi zaidi kwenye mishipa midogo ya ubongo kuliko waliokufa kwa sababu nyingine. Chembe ileile iliyoita wenzake kwenye kidole cha mama, hapa inaita mahali pasipostahili kuzibwa.

Kwa hiyo muuguzi, ukiona kwenye majibu ya mtoto mwenye malaria kwamba chembe sahani zimeshuka, jiulize zimekwenda wapi na zinafanya nini huko.

Pale mezani nimeweka hadubini mbili. Ya kushoto ina fungu la chembe sahani zilizoshikana. Ya kulia ina moja tu, imekaa juu ya chembe nyekundu, sawasawa na ile iliyonidanganya. Mkifika kwenye hiyo, zungusheni kile kidude kidogo, taratibu.