Ile "s" Moja ya Wakati Uliopo

Ndugu walimu wenzangu, jedwali la "I write, you write, he writes" mnalijua, na wanafunzi wenu hulighani bila kukosea, kwa hiyo sitalirudia. Ninalouliza, kama ninavyouliza kila ninapopewa jukwaa, ni kwa nini mwanafunzi aliyelighani vizuri asubuhi huandika "Does he writes?" katika insha ya mchana.

Sababu si uvivu. Mtoto huyu amekulia katika lugha ambayo kila nafsi ina kiambishi chake, kuanzia "ninaandika" hadi "wanaandika", na kiambishi hicho hakibanduki. Kiingereza cha leo, ukiacha "be" na ukaidi wake, kimebakiza alama moja tu, ya nafsi ya tatu umoja, tena kimeipachika mwishoni, mahali ambapo mtoto amefundishwa kwamba "s" ni ya wingi. Ndiyo maana huandika "the boys plays" bila wasiwasi wowote, akiamini kwamba anatimiza upatanisho wa kisarufi kama afanyavyo katika "vitabu vyangu vizuri". Kwa mantiki ya nyumbani kwao, hajakosea hata kidogo.

Sasa tuje kwenye swali. Katika Kiswahili tunatanguliza "je", na kitenzi kinabaki kilivyo: "Anaandika." "Je, anaandika?" Mtoto huichukua "does" kuwa ndiyo "je" ya Waingereza, akaiweka mbele na kukiachia kitenzi "s" yake. Basi tumweleze waziwazi kwamba kila kitenzi kikuu na msaidizi wake wana "s" moja ya nafsi, na kwamba "does" ikiingia huibeba yenyewe: "he writes", "does he write?", "he does not write". Kisha tumpe sentensi azigeuze papo hapo kuwa swali na kanusho, badala ya kumwimbisha. Najua mtaniambia kwamba sisi wenyewe tuliimba na tukafaulu. Ni kweli, lakini walioimba wakafeli hatukuwaalika humu ukumbini.

Kuhusu "is writing" nitasema kwa kifupi. Kiambishi "-na-" hubeba linalotendeka sasa hivi na pia la kila siku, ilhali Kiingereza hutenganisha: "she is writing" ni sasa hivi, "she writes" ni desturi, ambayo sisi tunaweza kuisema kwa "hu-". Tena vitenzi vya hali kama "know" havipokei "-ing" kwa kawaida, hivyo "ninajua" haiwi "I am knowing".

"-me-" nayo ina mitego yake, kwa kuwa "ameandika" ni "he has written", lakini "amesimama" mara nyingi ni "he is standing". Ama "ninaishi hapa tangu 2015", ambayo hudai "have lived" au "have been living" na kuikataa "am living", ingehitaji kikao chake, na mwenyekiti ameshaanza kuitazama saa.